Kifungu cha Saba

Kibanda changu kiko Igogo, chini ya mlima,
ubavuni mwa duka la dawa za mifugo.
Kompyuta moja, printa yenye kikohozi,
na wino wa zambarau kwa wasioafikiana na kalamu.
Mkataba wa mauziano: elfu tano.
Nimeandika mia na kitu. Viwanja, ng'ombe, injini za boti,
friji lililokufa likauzwa kama lililolala.

Walikuja Jumanne, jua limeanza kuyauma mawe:
Masalu Ng'wandu, muuzaji, kofia mkononi,
na Bwire Mafuru, mnunuzi, mtu wa Ukara,
pesa zimemvimba kiunoni kama jipu.
"Andika, dada, tumeshaelewana.
Hatua ishirini kwa kumi na tano,
nyumba ya vyumba viwili, choo,
na jiwe."

Jiwe gani?
Masalu akacheka. Mwanza hii unauliza jiwe gani?
Nikaandika jiwe.

Kabla sijagusa herufi huwa nawanusa.
Aliyekunywa namrudisha hadi kesho,
saini ya gongo huamka na kichwa kinauma
ikamkana mwenyewe.
Kijana namuuliza umri. Namtazama machoni
aliyesindikizwa na watu watatu wasiotaka kukaa,
maana ndiyo iliyokabwa shati si ndiyo.
Na bangi siiandikii:
kwenye haramu karatasi haina mguu.
Sikusomea sheria. Nilimsoma baba yangu,
aliyeuza shamba la Kisesa kwa neno na kushikana mikono;
mnunuzi akafa kabla ya awamu ya pili,
na wanawe wakatuuliza, deni gani?

Milioni sita na laki mbili.
Zilihesabiwa, zikapungua elfu kumi,
zikahesabiwa tena, zikarudi.
Mashahidi: kinyozi wa jirani na shemeji wa Bwire.
Printa ikakohoa. Masalu ameshachovya dole gumba
akaingia Nyanjige, mkewe,
beseni la dagaa kichwani, mchanga viwikoni,
akasema taratibu, kama anayeuliza bei ya nyanya:
"Mimi mmeniweka mstari wa ngapi?"

Niliusoma ukurasa wote,
kutoka UMEFANYIKA LEO hadi nukta ya mwisho.
Nyumba ina vyumba viwili, yumo katika vyote viwili,
kwenye karatasi hayumo.
Nikamwambia Masalu, likunje hilo dole.
Nyumba ya ndoa haiuzwi na nusu ya ndoa.
Ukibonyeza hapo utakuwa umepaka rangi tu.

"Mwenyekiti wa mtaa atagonga muhuri," akasema Bwire.
Muhuri haumzai mtu aliyekosekana.

Nyanjige akatua beseni. Akafuta mikono kwenye kanga,
mmoja, kisha wa pili, sote tukimngoja.
"Kuuza sikatai. Magoti yangu yamechoka na mlima.
Lakini lile jiwe naanika juu yake mwaka wa kumi na tisa.
Linakausha dagaa kabla ya adhana ya alasiri.
Nyumba chukua. Jiwe siuzi."

Bwire alitazama bati, akazitazama pesa mezani,
si zake tena, bado si zao.
"Jiwe liko katikati ya kiwanja, mama. Nitapita wapi?"
"Ninapopita mimi."

Laki tatu zikarudi kiunoni.
Hapo ndipo niliposikia mkataba ukizaliwa:
si kwenye wino, ni kwenye kile kimya kifupi
baada ya mtu kusema "haya"
na mwenzake asimwombe arudie.

Nikaandika kifungu cha saba.
Muuzaji wa pili, Nyanjige binti Shija,
ataendelea kuanika dagaa juu ya jiwe lililotajwa,
maisha yake yote, asubuhi hadi jua kuzama,
isipokuwa siku ya msiba nyumbani kwa mnunuzi.
Hilo la msiba aliliongeza yeye mwenyewe.

Dole la Nyanjige liliacha
gamba moja dogo chini ya zambarau, likimetameta.
Kinyozi alitaka kulifuta. Nikamshika mkono.

Ukurasa wa pili, nikawaambia, ni mia tano zaidi.
Wakaanza upya kubishana, wote watatu,
nani atalipa.